Stempu au Lebo? Namna ya Kuchambua Kopo la Stempu za Nyumbani

Desemba ikifika, Moshi hujaa watu wake. Waliotawanyika Dar, Mwanza na Nairobi hupanda kwao Machame, Kibosho, Marangu na Rombo, na katika kufagia nyumba za wazee huwa kuna kopo linashushwa kutoka juu ya kabati. Kopo la biskuti, limeshika kutu pembeni, ndani yake stempu. Nimeshaletewa makopo ya namna hiyo mara kadhaa, na swali la kwanza huwa lilelile: "Hizi zina hela?" Mimi huomba tuanze na maswali mengine mawili. Kila kipande humu kilitolewa na nani, na kililipia nini?

Nauliza hivyo kwa sababu katika makopo ya huku kwetu si kila chenye meno ni stempu. Mlima huu umepokea barua nyingi za ng'ambo: za wamisionari wa Kilutheri na wa Kikatoliki, za madaktari na wauguzi wa KCMC, za watoto waliokwenda kusoma Ujerumani au Marekani, za wapanda mlima waliorudi kwao wakamkumbuka mpagazi wao kwa kadi ya Krismasi. Huko zinakotoka kuna desturi ya kubandika kwenye bahasha, kando ya stempu, vikaratasi vya rangi vyenye malaika, mishumaa au watoto kwenye theluji. Babu aliyekuwa akikata stempu kwa mkasi alivikata vyote, akavitia kopo moja, na leo wajukuu wanavihesabu vyote kuwa stempu.

Wakusanyaji wa nje huviita sinderela, kwa jina la yule binti wa hadithi aliyeachwa jikoni wenzake wakienda dansini. Mimi hapa nitasema lebo. Lebo ni kikaratasi kilichovaa nguo za stempu, yaani picha, meno na gundi, lakini hakuna posta ya dola yoyote iliyokitoa ili kilipie nauli ya barua. Usiichanganye na stempu ya kughushi. Anayeghushi huiga stempu iliyopo ili adanganye. Lebo nyingi hazikumdanganya mtu yeyote. Zilikuwa na kazi yake nyingine, tena ya halali. Zipo pia za udanganyifu, nazo nitazifikia.

Hatua ya kwanza: weka beseni mbali

Mazoea yetu ni kuloweka. Maji ya vuguvugu, stempu inajivua kwenye bahasha, unaianika juu ya karatasi nyeupe (si gazeti, wino wake huhama). Kwa stempu ya kawaida unayoijua, hakuna ubaya. Kwa kipande usichokijua, maji yana hatari mbili. Wino wa lebo nyingi huchuja, maana zilichapwa kwa gharama ndogo na hakuna aliyetazamia kwamba siku moja zitaingizwa majini. Hatari ya pili ndiyo inayoniuma mpaka leo: ushahidi wa kuitambua lebo mara nyingi hauko kwenye lebo, uko kwenye bahasha.

Miaka yangu ya mwanzo nilipewa bahasha ya Denmark aliyotumiwa muuguzi mmoja wa Machame. Ilikuwa na stempu upande wa kulia na lebo ya Krismasi ubavuni mwake, na mhuri mmoja wa duara ulikuwa umezipanda zote mbili. Niliitumbukiza yote. Stempu ilitoka salama. Ni ya kawaida, zipo kwa maelfu. Lebo ilitoka rangi imefifia. Nusu ya mhuri iliyokuwa juu yake haikusema tena chochote, kwa sababu nusu ya pili ilibaki kwenye stempu, na bahasha yenyewe nilikuwa nimekwisha kuitupa. Nilikuwa nimeshika Krismasi nzima ya watu wawili walioandikiana, nikaigeuza vipande viwili visivyojuana.

Kwa hiyo chambua kavu. Meza safi, feni imezimwa, mwanga wa dirishani usio wa jua kali, na kibano badala ya vidole. Iliyo kwenye bahasha iache kwenye bahasha. Iliyokatwa na kipande cha bahasha iache na kipande chake.

Hatua ya pili: soma jina

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo, usiharakishe.

Kanuni za Umoja wa Posta Duniani, chombo kilichoanzishwa Bern mwaka 1874, zinataka stempu ionyeshe jina la nchi iliyoitoa kwa herufi za Kirumi. Uingereza peke yake imesamehewa, kwa kuwa ndiyo iliyoanza: ile peni moja nyeusi ya Mei 1840 haikuwa na jina la nchi, na hadi leo kinachoitambulisha stempu ya Uingereza ni kichwa cha mfalme au malkia. Basi ukiona kipande kisicho na jina la nchi wala kichwa cha mtawala wa Uingereza, kitenge. Bado si hukumu, maana stempu za zamani sana za nchi kadhaa zilitoka kabla kanuni hiyo haijawekwa. Lakini kitenge.

Kabla ya kutenga, hakikisha unalijua jina lenyewe, kwa sababu nchi nyingi hujiita kwa lugha zao. Helvetia ni Uswisi. Suomi ni Finland. Magyar ni Hungaria, Sverige ni Sweden, Norge ni Norway, Hellas ni Ugiriki, Österreich ni Austria, na CCCP ni Umoja wa Kisovieti. Nimekuta mfuko mzima wa Helvetia umewekwa upande wa takataka eti "hakuna nchi ya jina hilo".

Za kwetu nazo huwachanganya vijana. Deutsch-Ostafrika ni sisi wenyewe wakati wa Wajerumani, na thamani zake zimeandikwa kwa pesa, baadaye kwa heller. Ukibahatika kukuta iliyogongwa mhuri wa MOSCHI au ARUSCHA, ndivyo Wajerumani walivyoandika majina ya miji yetu. Usiiguse kwa mkono mtupu. Herufi G.E.A. zilizopigwa chapa juu ya stempu ya Afrika Mashariki na Uganda ni za Waingereza baada ya kuinyakua nchi hii kwenye Vita Kuu ya Kwanza. Twiga wa Tanganyika ni wa 1922. Stempu yenye majina matatu kwa pamoja, Kenya, Uganda na Tanganyika, na baadaye Kenya, Uganda na Tanzania, ni halali kabisa. Posta ilikuwa ya pamoja mpaka Jumuiya ya zamani ilipovunjika mwaka 1977, na stempu moja ilikubalika Moshi, Kampala na Mombasa.

Yapo sasa majina ya nchi ambazo hazikuwahi kuwa na posta. Mwaka 1888 Mfaransa mmoja, Mayréna, alijitangaza mfalme wa Sedang katika nyanda za juu za Vietnam ya leo, na stempu za ufalme huo zikachapwa Paris. Miaka ya 1950 zilitoka lebo nzuri mno za Maluku Selatan, visiwa vya Indonesia vilivyojitangazia uhuru bila kuupata. Zilichapwa Vienna na kuuzwa na mfanyabiashara wa New York. Miaka ya 1970 ikaja mvua ya lebo zenye majina kama Nagaland, Dhufar, State of Oman na Staffa, zimejaa ndege, magari moshi na maua. Halafu Umoja wa Kisovieti uliposambaratika, kila jina la jimbo likapata stempu zake za uongo, na nyota wa filamu wa Marekani wakatanda juu yake. Maarufu kuliko zote ni ya Abkhazia ya 1994 iliyowaweka pamoja Groucho Marx na John Lennon, kwa kucheza na majina ya Marx na Lenin.

Njia yangu ni rahisi. Naandika jina kwenye daftari, kisha nauliza: mahali hapa palikuwa na serikali iliyotawala kweli na iliyoendesha posta, katika mwaka wowote? Usiulize kama pako kwenye ramani ya leo. Tanganyika haipo kwenye ramani ya leo.

Hatua ya tatu: tafuta thamani

Fupi hii. Stempu kwa kawaida inasema imelipia kiasi gani: senti 30, shilingi 500. Lebo nyingi hazina tarakimu ya fedha. Ila jihadhari, kwani Uingereza tangu 1989 inatoa stempu zenye neno "1st" tu bila bei, na Marekani tangu 2007 inatoa zenye neno "Forever". Kinyume chake pia kipo: lebo za uongo huandikwa thamani kubwa kubwa ili zionekane za maana.

Ukiona tarakimu mbili zenye alama ya kujumlisha kati yake, mfano 20+10, hiyo ni stempu ya posta iliyobeba mchango. Tarakimu ya kwanza ndiyo nauli, ya pili ni sadaka.

Hatua ya nne: kililipia nini?

Lundo ulilolitenga sasa lirudishe mezani, uulize kila kipande kazi yake.

Kundi kubwa katika makopo ya mlimani ni lebo za Krismasi za kupambana na kifua kikuu. Asili yake ni karani wa posta wa Denmark, Einar Holbøll, aliyekuwa akipanga mabunda ya kadi za Krismasi na kuwaza: kila kadi ikiongezwa kikaratasi cha senti chache, hela hiyo ingejenga hospitali ya watoto wenye kifua kikuu. Ya kwanza ilitoka 1904, ina picha ya Malkia Louise na neno JULEN, yaani Krismasi. Marekani ilifuata 1907 kwa juhudi za Emily Bissell wa Delaware, na desturi ikaenea Norway, Sweden na kwingineko. Alama yake ya kuitambulia ni msalaba wenye mikono miwili, mmoja juu ya mwingine, uliochaguliwa mwaka 1902 kuwa nembo ya vita dhidi ya ugonjwa huo duniani. Ukiuona msalaba huo kwenye kipande kisicho na tarakimu ya nauli, karibu hukumu imekwisha: ni lebo ya mchango, haikulipia nauli.

Naomba usiitupe. Sisi tunaoishi mkoa wenye Kibong'oto, hospitali iliyopokea wagonjwa wa kifua kikuu kutoka kila pembe ya nchi, tunajua ugonjwa huo uliwafanya nini watu. Lebo ya senti chache iliyobandikwa na mtu wa Copenhagen jikoni kwake ina haki ya ukurasa kwenye albamu iliyoko Moshi.

Mpaka kati ya lebo na stempu wakati mwingine ni mwembamba kama uzi. Uswisi ilitoa mwaka 1912 vikaratasi vya Pro Juventute kwa ajili ya watoto. Havikuwa na nguvu ya kulipia barua, kwa hiyo ni lebo. Mwaka uliofuata, 1913, Pro Juventute ikatoka kama stempu kamili yenye nauli na nyongeza ya mchango. Jina moja, shabaha moja, mwaka mmoja kati yao, na moja iko huku, nyingine kule.

Kundi la pili ni la kodi. Stempu za ushuru zilizobandikwa kwenye mikataba na hati za zamani zilitolewa na serikali, tena zina thamani, lakini zililipia kodi. Ndugu yake wa leo unamwona kwenye pakiti ya sigara na chupa ya pombe kali: stempu ya kodi ya TRA, ambayo tangu 2019 ni ya kielektroniki. Za zamani zikusanye, zina wapenzi wake, ila zipewe kurasa zake. Kuna utatanishi mmoja: stempu nyingi za makoloni ya Uingereza ziliandikwa POSTAGE & REVENUE, maana yake zilitumika posta na kwenye kodi pia. Hizo angalia zilivyofutwa. Mhuri wa duara wa posta ni dalili ya barua. Saini ya kalamu na tarehe ni dalili ya risiti au mkataba. Stempu ni ileile, safari yake ndiyo tofauti.

Kundi la tatu ni vibandiko vya posta yenyewe: kile cha buluu chenye PAR AVION, na kile cha rejesta chenye herufi R, namba, na jina la ofisi. Vilitolewa na posta kweli, lakini kazi yake ni kumwelekeza karani. Cha rejesta chenye jina la Arusha au Moshi ni lulu ya historia ya mtaa wetu kama kingali kwenye bahasha yake. Kikibanduliwa ni namba tu.

Halafu kuna posta za watu binafsi. Kisiwa cha Lundy, kwenye mlango wa bahari wa Bristol, kilimilikiwa na Martin Coles Harman, naye mwaka 1929 akatoa stempu zake zilizopimwa kwa "puffin", ndege wa baharini wa kisiwa hicho. Zililipia kweli, ila zililipia kuivusha barua hadi bara. Kutoka hapo stempu ya Uingereza ndiyo iliyoipeleka mbele. Posta ya Uingereza ilipogoma kuanzia Januari hadi Machi 1971, watu binafsi wengi waliruhusiwa kubeba barua na kila mmoja akachapa lebo zake. Hizi naziheshimu kuliko zile za Dhufar na Staffa, kwa sababu kuna mtu aliinua mfuko wa barua akatembea nao. Ukizikuta juu ya bahasha iliyosafiri, na stempu ya taifa iko pembeni, umepata kitu.

Zilizobaki ni za matangazo: maonyesho ya biashara, viwanda, mashirika ya hisani, siasa. Zisome maandishi yake tu. Huwa zinajitaja zenyewe.

Kabla sijaendelea, jaribu maswali yetu mawili kwenye hii. Mwaka 1916 Wajerumani walikuwa wamezingirwa baharini na stempu zinawaishia, basi zikachapwa za muda kwenye mtambo wa misheni ya Vuga, Usambara. Kabla hazijaanza kutumika, meli ikafanikiwa kupenya na shehena kutoka Ujerumani, yenye stempu ndani yake. Za Vuga zikafukiwa ardhini Waingereza walipokuwa wakisonga mbele, zikafukuliwa baada ya vita na kuuzwa kwa wakusanyaji Ujerumani. Wataalamu huziita Wuga. Zilitolewa na nani? Posta ya koloni. Zililipia nini? Hazikulipia chochote. Mimi naziweka upande wa stempu, kwa maelezo, kwa kuwa nia na mamlaka vilikuwapo. Mwingine atakataa, na tutabishana naye vizuri tu.

Hatua ya tano: mhuri

Mhuri unaogusa lebo hauifanyi kuwa stempu. Karani akigonga haraka, duara linapanda chochote kilicho karibu. Cha kutazama ni bahasha nzima: je, kuna stempu nyingine iliyotosha kulipia safari? Ikiwapo, lebo ilikuwa msindikizaji tu. Isipokuwapo, na barua ilifika bila kutozwa faini, una jambo la kuchunguza.

Tahadhari na mihuri mizuri kupita kiasi. Lebo za kibiashara mara nyingi zina robo ya duara kwenye kona ileile, kila moja, nadhifu, na ukigeuza nyuma gundi ipo yote. Mhuri huo ulichapwa pamoja na picha. Hata hivyo zipo posta halali zilizogonga mihuri kwenye stempu mpya ili kuziuza kwa wakusanyaji, kwa hiyo hii ni dalili ya kujumlisha na nyingine, usihukumu kwayo peke yake.

Hatua ya sita: jicho na kidole

Lenzi ya kukuza mara kumi inatosha. Iweke juu ya picha. Ukiona vidoti vya rangi vimepangwa kama kwenye picha ya gazeti, hiyo ni chapa ya kisasa ya ofseti. Sasa chukua stempu ya Kenya Uganda Tanganyika ya 1938 yenye mlima Kilimanjaro: mistari yake ni ya kuchongwa, wino umesimama juu ya karatasi, na ukipitisha ncha ya kidole kikavu utauhisi. Ilaze kifudifudi kwenye sahani nyeusi au iinue kwenye mwanga, tafuta alama ya maji, yaani chapa iliyofichwa ndani ya karatasi yenyewe: hapa ni taji na herufi CA zilizorudiwarudiwa. Lebo za matangazo hazikuwa na gharama ya kutengenezewa karatasi kama hiyo. Baadhi ya vitabu hushauri kumimina petroli ya kiberiti ili alama ionekane. Nyumbani kwenye jiko la mkaa au gesi usifanye hivyo.

Meno nayo huhesabiwa: ni matundu mangapi ndani ya sentimita 2. Namba hiyo iandike, utailinganisha na katalogi, yaani kitabu kinachoorodhesha stempu na namba zake.

Lakini sura isikupe kiburi. Stempu za kwanza za Uganda, za 1895, zilipigwa kwa taipu na mmisionari Ernest Millar pale Mengo, thamani yake kwa kauri, hazina picha wala rangi. Mtu asiyejua angezipangusia meza. Ni stempu halali, na ni za thamani kubwa. Mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, Zanzibar iligonga neno JAMHURI kwa mkono juu ya stempu za sultani. Nyingine zimekaa upande, nyingine wino umemwagika. Halali pia, ingawa kwa sababu ya urahisi wake zimeghushiwa. Na lebo nzuri kuliko zote nilizonazo ni ya nchi ambayo haikuwahi kuwapo.

Hatua ya saba: katalogi

Wakubwa ni wanne: Stanley Gibbons wa Uingereza, Michel wa Ujerumani, Scott wa Marekani, na Yvert wa Ufaransa. Kwa stempu zetu za kikoloni mimi huanza na Gibbons, hata toleo la zamani linafaa. Kwa stempu za tangu 2002 kuna orodha ya Umoja wa Posta Duniani iitwayo WNS, ipo intaneti bila malipo: nchi zinazoshiriki huandikisha kila stempu na kupewa namba. Umoja huo pia husambaza matangazo ya posta zinazolalamika kwamba jina lao limetumiwa na wachapaji wasio na idhini. Chad, Benin na Ivory Coast zimeonewa sana kwa njia hiyo. Sisi tunaoishi huku tuna sababu ya ziada ya kulijali hili, kwani makao makuu ya Umoja wa Posta Afrika, PAPU, yako Arusha tangu 1980, na jengo lao jipya refu lilizinduliwa mwaka 2023.

Kutokuwemo kwenye katalogi moja hakutoshi kuihukumu stempu. Tafuta kwenye ya pili. Ajman, Fujeira, Manama na wenzao wa Ghuba walitoa utitiri wa stempu mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa mikataba na mawakala wa nje; mamlaka yalikuwapo, matumizi ya posta yalikuwa kiduchu, na baadhi ya katalogi zimeziruka. Hizo si lebo.

Wala usiikatae stempu ya Tanzania kwa sababu ina dinosaria, mbwa wa Kizungu au mwanamuziki wa Marekani. Mwishoni mwa miaka ya 1980 na miaka ya 1990 nchi yetu ilitoa nyingi za namna hiyo kupitia wakala wa New York, zikilenga wakusanyaji wa nje. Wengi hawakuwahi kuziona kwenye dirisha la posta ya Mnara wa Saa. Ni za serikali. Binafsi sizipendi, kwa sababu hazituhusu na zimejaza albamu ambazo zingejaa vitu vyetu, lakini kutoipenda stempu hakuibadilishi kuwa lebo.

Hatua ya nane: kabla hujatoa hela

Muuzaji mmoja jijini Arusha aliniuzia shiti nzima ya stempu za vipepeo kwa shilingi elfu arobaini. Jina la nchi lilikuwa la kweli, rangi zinang'aa, gundi safi. Nilipofika nyumbani nikatafuta kwenye orodha: nchi hiyo haikutoa vipepeo mwaka ule. Sasa kabla ya kununua nauliza maswali matatu papo hapo, simu mkononi: namba ya katalogi ni ipi, ni katalogi gani, na shiti hii imetoka kwa nani. Anayeuza kwa haki hakasiriki. Atakayekwambia "hii ni adimu, haimo hata kwenye vitabu" amekwisha kukujibu.

Mwenye kopo la urithi naye asiuze kwa uzito kwa mtu wa kwanza anayepita. Lebo nyingi hazina bei kubwa. Bahasha nzima iliyotoka Moschi kabla ya 1916, hata ikiwa chafu, ni habari nyingine.

Hatua ya tisa: tunza na uandike

Masika ya Moshi, Machi hadi Mei, ndiyo adui. Gundi hunyonya unyevu na vipande hushikana. Tumia albamu yenye mifuko isiyonuka plastiki, isimamishe wima, weka karibu yake vile vipakiti vidogo vinavyokuja ndani ya boksi la viatu vipya. Selotepu marufuku, hata kwa upande wa nyuma.

Stempu ziende albamu yake, lebo yake. Chini ya kila lebo andika kwa penseli mambo manne: imeandikwa nini, ya mwaka gani, ilitolewa na nani, na imetoka kopo la nani. Hilo la nne watu hulisahau, na ndilo ambalo hakuna katalogi itakayokusaidia kulipata. Ile ya Denmark niliyoiharibu imeandikwa hivi: "Lebo ya Krismasi, Denmark, ya mchango wa kifua kikuu. Ilikuwa kwenye bahasha ya muuguzi, Machame. Bahasha haipo." Nimeacha nafasi upande wa kulia wa ukurasa. Dada yake muuguzi bado yuko hai, na ameniahidi kwamba Krismasi hii atalishusha sanduku la pili.